Wadogo, angalieni tundu la difu kabla ya kununua taa

Mvua za Novemba zikishashika Lubumbashi, magari yatakayorudi garaji yakilia tunayajua mapema. Si yale makuukuu. Ni yale yaliyovalishwa: snokeli mpya, taa zimejaa juu ya paa, winchi mbele, na huko chini difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu, ambayo hakuna aliyeifungua tangu gari lishuke melini Dar es Salaam. Wadogo wapya, wanaoanza safari za porini, huja kila msimu, nasi tunawapenda, lakini kosa ni lile lile. Safari hii tunaliandika, mlisome kabla ya kushika njia ya Kasenga.

1. Tundu la kupumulia. Juu ya kila ekseli, mbele na nyuma, kuna kifuniko kidogo cha chuma kinachoacha hewa iingie na kutoka. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikipoa inasinyaa. Kiangazi kizima vumbi jekundu linagandamana na mafuta yanayotoka pale kidogo kidogo, mwisho kifuniko hakifunguki tena. Hewa ya moto inakosa njia, inasukuma mafuta kupitia sili za ekseli, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke, na mafuta yanaishia kwenye ngoma za breki za nyuma. Ukiona gurudumu la nyuma limelowa mafuta kwa ndani na breki zinavuta upande, usibadilishe sili peke yake. Sili mpya nayo itavuja kama tundu bado limeziba.

Hapo bado hatujafika mtoni. Umekimbiza gari saa mbili, difu ni ya moto hata mkono haukai juu yake, kisha unajitosa majini moja kwa moja kwa sababu kuna mwenzako ng'ambo ameshika simu anapiga video. Maji ya baridi yanaipoza difu ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Tundu limeziba, kwa hiyo inavuta kupitia sili, na nje ya sili wakati huo kuna maji matupu. Snokeli haihusiki, hiyo ni pua ya injini tu. Wala mto hauhitaji kuwa na kina cha kutisha: maji yakifika katikati ya gurudumu yametosha. Simama ukingoni dakika 15 hadi 20, difu ipoe. Muda huo utumie kuvuka kwa miguu na fimbo mkononi, upime kina na ugumu wa chini. Ni jambo ulilopaswa kulifanya hata hivyo.

Kifuniko chenyewe kioshe kwa mazutu (dizeli) mpaka kicheze kwa kidole. Bora zaidi kitoe kabisa, uunge mpira wa mafuta wa milimita 8 kwa ndani, uupandishe: wa mbele mpaka juu kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, wa nyuma mpaka karibu na taa ya nyuma. Ncha ya juu ivae filta ndogo ya petroli. Acha mpira ulegee, maana ekseli hushuka sana kwenye mashimo, na mpira uliokazwa utachomoka siku ya kwanza. Giaboksi na boksi ya krabo, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, nazo zinapumua. Wengi huzisahau.

Baada ya kuvuka, gari lilale mahali palipo sawa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yatakaa chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kwanza bolti ya kujazia. Kwanza! Anayeanza na ya chini, kisha akakuta ya juu imeliwa na kutu, amebaki na difu tupu porini. Legeza ya chini taratibu: matone ya kwanza yakiwa maji, au mafuta yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, mwaga yote. Tia mafuta ya bei ndogo, tembea polepole kilomita 5 hadi 10, mwaga tena, ndipo uweke mafuta ya difu, 80W-90 ya GL-5, mpaka yafike ukingo wa tundu la kujazia. Land Cruiser za safu ya 70 hunywa takriban lita 3 kwa kila difu. Ukichelewa, beringi za pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, ile gia kubwa ya difu, zinashika kutu na kuanza kuimba. Kupanga upya pinioni na krauni ni kazi ya vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, na fundi wa kazi hiyo humpati kila kona ya Kamalondo.

2. Krabo, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, si ya lami. Ukiiacha imeingia kwenye barabara ya Kasumbalesa, ekseli mbili zinashindana, tairi zinaliwa, na mkono wa krabo unakataa kutoka. Rudi nyuma mita chache, gari likiwa limenyooka, utatoka.

3. Upepo wa tairi. Kwenye potopoto (matope) shusha hadi bar 1.5, na usizidi kilomita 40 kwa saa. Chini ya bar 1 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukipiga kona. Na pampu ubebe! Kila safari yupo aliyeshusha upepo halafu anaanza kuzunguka akiomba.

4. Kuvuta. Usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kukokotea trela. Ukikatika ni risasi, unapita kwenye kioo. Tumia ndoano iliyofungwa kwenye chesisi, na shakeli (pingu ya chuma yenye pini) iliyoandikwa uzito inaohimili, ya tani 4.75 kwenda juu. Pini ikaze mpaka mwisho, kisha irudishe robo mzunguko, isije ikang'ang'ania. Watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kamba. Huyo mwenye simu ndiye wa kwanza kusogezwa.

5. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na isigongwe kwenye bampa. Kule juu Kundelungu kuna balaa jingine: mbegu za majani zinajaa kwenye redieta, injini inachemka, na watu wanailaumu pampu ya maji. Funga wavu wa mbu mbele ya redieta, uukung'ute kila mnaposimama. Majani hayo hayo makavu hujikusanya pia juu ya bomba la moshi. Hapo yakishika, yanawaka. Kwa hiyo mkisimama, mmoja alale chini ayatoe kwa kijiti, na kizima moto kikae ndani, karibu na dereva, si chini ya mizigo.