Ile taa ya vipande 30: ilitoka wapi na inaungwaje

Mkuu uliyeuliza hapo juu, kwamba umenunua taa ya vipande vya plastiki, ile unayoiunga mwenyewe iwe kama mpira, mwezi uliopita mpaka leo ipo kwenye mfuko, na ukamalizia na lile swali la "hivi hii Mchina aliwaza nini", ngoja nikupe ya kwangu maana hiyo kitu imeshanikesha mpaka saa nane usiku.

Kwanza Mchina hajawaza, kakopi tu. Aliyeibuni ni jamaa wa Denmark anaitwa Holger Strøm, mwaka 1973, na jina lake halisi ni IQ. Siyo ile IQ ya akili, japo ukiwa sakafuni na vipande 30 utaona kama unatukanwa. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya pembenne zinazoshikana, na kweli ndio taa yote hiyo, hamna gundi, hamna skrubu, hamna fremu.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba vipande vyote ni sawasawa, cha kwanza na cha 30 vimekatwa kwa umbo moja, kiwandani wanahitaji mkato mmoja tu na kwenye boksi vinalala flati kama karatasi. Sasa kitoe kimoja ukiangalie vizuri. Usidanganywe na zile kona zilizojikunja, ndani yake kuna umbo la uru ya kwenye karata: pembe mbili kali, pembe mbili butu, na kila pembe ina ndoano. Kanuni ni moja, pembe kali zinakutana tano, pembe butu zinakutana tatu. Basi. Piga hesabu mwenyewe, vipande 30 vina pembe kali 60, gawa kwa tano unapata maua 12 (ua ni pale pembe kali tano zinapokutana), na pembe butu 60 gawa kwa tatu unapata maungio 20. Ukimaliza taa yako ukahesabu maua ukapata 11, kuna mahali umechemka. (Hilo umbo la uru 30 wanahisabati waliliandika zamani sana, Kepler yule wa sayari karne ya 17 alishalieleza, Strøm yeye akaliwekea ndoano.)

Kushikana kwenyewe ni kama unavyofunga boksi la katoni bila solotepu, kila ubawa unalala juu ya mmoja na chini ya mwingine mpaka wa mwisho unajibana wenyewe.

Anza na vipande vitano, shikanisha ncha kali katikati, utapata kitu kama ua lililoinama kidogo. Kati ya kila petali mbili utaona ndoano butu mbili zinasubiri mwenzao, weka kipande cha sita zifunge tatu, zunguka hivyo hivyo utafika 10, kuanzia hapo mkono unajua wenyewe. Ila vyote vitazame upande mmoja!! Mimi kipande cha 17 niligeuza ndani nje, ndoano zikawa zinaangalia kinyume, nikalazimisha, nikaendelea mpaka 24 ndo nikagundua, nikabomoa huku mke wangu anacheka kitandani.

Halafu hesabu vipande kabla hujaondoka dukani. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa na 28, kurudi muuzaji ananiambia eti mimi ndo sijui kuunga. Nikasema nikate viwili mwenyewe, nikachukua zile plastiki ngumu za kubaindia ripoti, nikachora, nikakata kwa mkasi, aisee vikapasuka shingoni kwenye ndoano hata havijakaa. Plastiki inayotakiwa ni polipropileni, ile ya kifuniko cha shampuu unachokunja kila siku na hakikatiki. Ikabidi ninunue mfuko mwingine, kwa hiyo nina vipande vya akiba mpaka leo.

Usifunge mpira wote. Ukibakiza vipande vitano vya mwisho ingiza holda na balbu kwanza, waya upite katikati ya ua moja, zile ndoano tano zikiubana hapo taa inakaa wima. Balbu iwe LED, wati 7 au 9 inatosha, hizi za zamani zinazochemka zitakukunjia plastiki, na mwanga wake wala hautakuwa mzuri, maana uzuri wa hii taa ni kwamba pale vipande vinapopandana panakuwa na kivuli na sehemu nyingine panang'aa, balbu yenyewe huioni.

Vumbi lisikutishe. Yangu nimeshaibomoa mara mbili, nikaloweka vipande kwenye beseni na sabuni ya vyombo, nikavibana na vibanio kwenye kamba ya nguo, 30 vinapepea kule uani, jirani akaja kuuliza kama tunaanza biashara ya mapambo.