Ruhusa ya mzazi yupi?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni sawa kumpiga picha mtoto aliye kazini bila ruhusa ya mzazi wake. Wa Mirerani, kwenye migodi ya tanzanite, hawahitaji kuelezwa "nyoka" ni nani, yaani mtoto anayetambaa kwenye mashimo ya mgodi, kwa hiyo najua majibu yatakuwa makali. Ila swali lenyewe limeruka hatua. Kwanza tuulize picha hiyo inathibitisha nini, na mzazi huyo amekwisha kutoa ruhusa gani nyingine.

Lewis Hine alikuwa mwalimu New York. Mwaka 1908 aliajiriwa na kamati ya taifa iliyopinga kazi za watoto, akaanza kuzunguka viwandani na kamera. Kwenye viwanda vya pamba vya Kusini mwa Marekani hakuna aliyemkaribisha, basi akajifanya mkaguzi wa moto, muuza Biblia, au mtu aliyekuja kupiga picha za mashine. Alidanganya, na simlaumu. Angebisha hodi kwa jina lake, watoto wangeondolewa kabla hajafungua kamera.

Chukueni kiwanda cha Whitnel, North Carolina, Desemba 1908. Binti mdogo amesimama kando ya mashine ya kusokota nyuzi. Kazi yake ni kupita mbele ya safu ya bobini zinazozunguka, akiangalia uzi uliokatika. Akiuona, anaishika bobini isimame, anatafuta ncha, anaipandisha hadi kwenye rola, pamba inayotoka inaishika, uzi unaendelea. Halafu unaofuata. Hewa kavu hukata uzi, ndiyo maana madirisha ya viwanda hivyo yalifungwa na ndani kukawa joto, unyevu na vumbi la pamba.

Sasa pigeni picha humo. Kamera ni sanduku juu ya miguu mitatu, na picha inanaswa kwenye kioo cha inchi 5 kwa 7. Mpigaji anajifunika kitambaa, anaiona taswira kichwa chini, anaulenga uso, anafunga lenzi, anachomeka kioo, anavuta kifuniko chake, ndipo anapiga. Mwanga ni haba, lenzi lazima iachwe wazi sana, na ndiyo sababu ujia nyuma ya mtoto unafifia. Watu husifu ufifio huo kama sanaa. Mimi naona uhaba wa mwanga. Unga wa magnesiamu ungesaidia, lakini huwaka kwa mwali wazi, na humo vumbi la pamba limetanda. Mtoto naye akitikisika, uso unafutika. Kwa hiyo anaambiwa atulie. Picha nyingi tunazoziita za watoto wakifanya kazi ni za watoto waliosimamishwa kazi kwa sekunde chache.

Na picha haisemi umri. Hapo ndipo Hine alipowazidi wengine: alijua kila kifungo cha nguo yake kiko kimo gani kutoka chini, mtoto akisimama karibu anampima kwa jicho, na maelezo anayaandika mkono ukiwa mfukoni. Binti wa Whitnel: inchi 51, kama sentimita 130. Mwaka mmoja kiwandani, mara nyingine usiku. Anahudumia pande 4 za mashine kwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri alisita, akasema hakumbuki. Kisha akamnong'oneza kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi, ila anafanya hivyo hivyo. Kati ya wafanyakazi 50, watoto 10 walikuwa wa kimo chake.

Tangu 1903 jimbo hilo lilikuwa limekataza kuajiri mtoto chini ya miaka 12. Lakini usajili wa vizazi wa jimbo zima ulianza 1913, hivyo umri ulikuwa ule aliousema mzazi. Ruhusa ya mzazi ndiyo iliyomwingiza mtoto kiwandani! (Siwatukani wazazi hao. Nyumba nyingi zilikuwa mali ya kiwanda, na familia ilitarajiwa kutoa mikono ya kazi.)

Hadi hapo nipo upande wa kamera. Kinachonisumbua ni ule mnong'ono. Mtoto alimwamini mtu aliyeingia kwa kificho, na neno lake likaenda na picha. Jina halikuandikwa, lakini kiwanda, kimo na pande 4 vimo. Msimamizi wa watu 50 angehitaji nini zaidi? Binti mwingine, wa North Pownal, Vermont, alipigwa picha 1910, na jina lake la ukoo likasambazwa likiwa limekosewa. Alifariki 1993. Mwaka 1998 Marekani ikatoa stempu yenye picha yake.

Picha zilisaidia, hilo silikani, japo polepole: sheria ya shirikisho ya 1916 dhidi ya kazi za watoto ilibatilishwa na Mahakama ya Juu 1918, na iliyodumu ilikuja 1938.

Basi jibu langu: ya mzazi si lazima, hasa kama yeye ndiye aliyetaja umri. Ya mtoto ni lazima, naye aambiwe kweli wewe ni nani. Jina la kiwanda lichapwe. Jina la mtoto na maneno yake ya siri yabaki kwenye daftari la mkaguzi wa kazi. Kwa kanuni hiyo, naona, Hine asingeipata picha ya Whitnel, labda na nyingine nyingi. Nimeisoma tena kanuni yangu na bado siifuti, isipokuwa pale ambapo mkaguzi mwenyewe analipwa na kiwanda.