Ngoro zangu zimebomoka, kosa liko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata shamba la mteremko mkali huku Mbinga. Nilichoma majani ili nipate wepesi wa kuchimba, nikatengeneza ngoro, yale mashimo yanayozungukwa na matuta pande zote nne, na kupanda maharage. Yalitoka vizuri. Desemba nikaweka mahindi. Mvua za Januari zikabomoa matuta ya juu na maji yakachimba mfereji hadi bondeni. Nifanye nini? Na je, naweza kuchanganya kahawa humo?
Mgeni Umatengoni

JIBU: Ndugu, moto ndio uliokuponza. Tuta la ngoro hushikwa na majani yaliyofukiwa ndani yake, ambayo huoza polepole na kulisha maharage, kisha mahindi. Udongo mtupu ukishiba maji huporomoka.

Wamatengo, wenyeji wa huko Mbinga, hufyeka mwezi Machi, udongo ukiwa bado na unyevu, na kuyaacha majani yanyauke wiki mbili hivi. Kisha huyalaza kwa mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikiukatiza, mpaka shamba zima liwe miraba ya mita 1.5 hadi 2. Udongo wa katikati ya mraba huchimbwa na kufunika majani pande zote nne. Maharage husiwa juu ya tuta na kufukiwa kwa udongo mwingine kutoka shimoni. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, wanawake huchimba, na sehemu nzito bila shaka ni hiyo ya pili.

Angalia pia vimo vya matuta. Penye bonde dogo tu juu ya tuta ndipo maji hufurikia, na shimo moja likimwagika, la chini yake hubeba mzigo wa mawili. Mifereji mingi huanzia hapo.

Kwa msimu huu usivunje shamba zima. Ziba mfereji kuanzia juu kwa mafungu ya majani na udongo. Zoa tope lililojaa mashimoni ulirudishe juu ya matuta, kwa sababu shimo lililojaa halipokei maji tena. Magugu ya palizi yatupe humo shimoni yaoze. Ukishavuna mahindi acha majani yaote hadi Machi, kisha uchimbe upya, mashimo yakiangukia kwenye makutano ya matuta ya zamani.

Kahawa usiipande humo: ngoro huchimbwa upya kila miaka miwili, na jembe litakata mizizi yake. Itengee matuta ya kukinga mteremko karibu na nyumba.