Ndege weupe wa Mwea

Umeuliza ni ndege gani yule mweupe mwenye pete mguuni uliyemwona kwenye mashamba ya mpunga Mwea, Kenya. Kama mdomo ulikuwa mwekundu wote na mkia mweupe, basi ni korongo mweupe wa Ulaya, sio wale wetu wa kila siku bana. Wa kwetu ni korongo domo-njano, huyo ana mdomo wa njano, uso mwekundu hauna manyoya, na mkia mweusi, cheki hapo kwanza. Rangi ya miguu usiiamini sana, jua likiwaka wanajinyea miguuni makusudi wapoe, so inaonekana kama imepakwa chokaa. Hawa wa Ulaya wanafika huku kuanzia Novemba hivi, Machi wanaanza kurudi, na hawakatishi bahari ya Mediterania katikati maana juu ya maji hakuna ile hewa ya moto ya kuwabeba, wanazunguka kupitia Uturuki na Sinai ndo washuke Nile. Viwavijeshi wanavimaliza kweli, so mkulima asiwatege wala kuwawekea sumu. Hiyo pete uliyoiona juu ya goti ina herufi na namba, piga picha hata kwa simu ukivuta karibu (zoom), peleka idara ya ndege Makumbusho ya Taifa Nairobi, watakwambia alivalishwa wapi.