Choroko ni maharage? Na yameiva au zimeiva?

Dada mmoja wa Tabata anapika chakula cha mchana na kuwapelekea watu maofisini. Ameniandikia kwamba kwenye menyu yake ya WhatsApp huwa anaweka "maharage ya choroko", "maharage ya mbaazi" na "maharage ya kunde", sasa mteja mmoja kamjibu hicho sio Kiswahili, choroko ni choroko bana. Mwingine naye akamsifia, "maharage zako tamu kweli", dada akafurahi ila sikio likagoma na hajui kwa nini. Anauliza nani yuko sahihi.

Dada, huyo wa kwanza yuko sahihi na wala hajakuonea. Sisi hatuna tabia ya kuita kila punje kavu maharage. Nenda Tandale sokoni uangalie magunia, hakuna gunia la maharage ya choroko, kuna choroko, pembeni kunde, pembeni mbaazi, afu ndo unakuta maharage yenyewe, na yenyewe yana majina yake, kuna ya njano, kuna mekundu, kuna kablanketi kutoka huko Mbeya, kuna gololi yale ya mviringo. Nadhani huu mtindo wa kuvitia vyote kapu moja umeletwa na mapishi ya kutafsiri, maana Kiingereza kina neno moja linalobeba vitu vingi, mtu akilifuata hivyohivyo anatuandikia "maharage yenye jicho jeusi" wakati bibi yake pale Temeke anaziita kunde tangu azaliwe.

Ukitaka neno la jumla lipo, mabwana shamba wanasema mazao jamii ya kunde, au mikunde. Yaani ukoo mzima umepewa jina la kunde sio la maharage, na mimi naona ni haki kabisa, kunde ni za Afrika hii hii na maharage ni mgeni aliyetoka bara la Amerika, hajafika kwetu mpaka baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini.

Na sio suala la ufundi wa lugha tu, kwa mpishi jina ndo maelekezo. Ukisikia choroko unajua hazihitaji kulowekwa, unachambua mawe, unaosha, unabandika, kama nusu saa hivi au zaidi kidogo zimeshapasuka unaunga na nazi. Maharage makavu ukiyafanyia hivyo utakesha, yale unaloweka usiku kucha, maji ya kulowekea unamwaga, unachemsha kwa maji mengine. Na yale mekundu yachemke haswa, moto mkali dakika 10 au zaidi, usiyaache tu yanatokota kwa moto wa chini toka mwanzo kwasababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha. Sasa mtu aliyesoma "maharage ya choroko" akachanganya vyote sufuria moja, choroko zitakuwa uji na maharage bado yanagonga meno. Dengu nazo unaloweka, ila watu wengi mjini wanazijua kwa unga wake, ule wa bajia. Bajia za kunde ni kitu kingine, pale unaloweka kunde, unazisugua mpaka maganda yatoke, unasaga na kitunguu swaumu na pilipili, unakaanga, na kwa maoni yangu zinaipita ya dengu mbali sana lakini hilo sio swali la lugha.

Haya, tuje kwa aliyekusifia. Sikio lako lilisikia vizuri. Maharage umoja wake ni harage, kama ilivyo embe na maembe, kwahiyo ni harage hili limeoza, maharage haya yameiva, maharage yako matamu. Choroko, kunde, dengu na njegere ziko ngeli nyingine, hazibadiliki umbo, moja au gunia zima ni choroko tu, na hizo ndo zinachukua z, choroko zimeiva, kunde zako tamu. Kwahiyo mtu akizoea kuziita zote maharage ulimi unahamisha ile z ya choroko unaibandika kwenye maharage, ndo tunapata "maharage zimeungua". Angalia na rangi, ni maharage mekundu lakini kunde nyekundu. "Maharage nyekundu" utaiona kwenye vibao vya bei kila siku, hata hivyo sio sahihi. Ya njano haisumbui, hiyo unaacha ilivyo.

Mbaazi ina vituko vyake. Za kula ni mbaazi zimeiva, mbaazi za nazi, hapo hamna shida. Ila methali inasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, hiyo u imetoka wapi? Imetoka kwenye mti. Anayesingizia jua ni mmea, na mmea unaenda na ngeli ya mti, mbaazi huu umekauka, mibaazi hii imekauka. Ya sufuriani inachukua z, ya shambani inachukua u. Nimeona watu wakirekebisha ile methali kuwa "mbaazi zikikosa maua", jamani waacheni wazee, walijua wanachosema.

Hukuniuliza ila najua litakuja, maharage na maharagwe vyote ni sahihi, Kenya wanapenda ya pili, Dar hapa tunasema maharage na hamna haja ya kuongeza gw ili menyu ionekane ya kisomi.

Andika "choroko za nazi", "mbaazi za nazi na chapati", "kunde za kukaanga", na neno maharage ubakize kwa maharage. Makande yaache hivyohivyo makande, kila mtu anajua ni mahindi na maharage, ingawa wazee wa pwani wengine wanaita pure. Kitu kimoja tu cha kuuliza kabla hujapokea oda: mteja akiwa ametokea Nairobi akiandika anataka ndengu, usimpelekee dengu zetu hizi za bajia, anataka choroko.