Kikohozi cha virusi kinahitaji muda, si antibiotiki

Hapa Mbeya, baridi ya Juni hadi Agosti ni nadra kupita bila mtoto mmojawapo nyumbani kwangu kukohoa, na katika miaka ya kuwauguza nimeona kwamba jambo gumu zaidi kwa mzazi ni kuvumilia. Kikohozi kinachotokana na virusi huanza kwa mafua na koo kuwasha, pengine na homa inayopungua baada ya siku chache, lakini chenyewe huweza kuendelea hadi wiki tatu, kwa sababu njia ya hewa iliyovimba hubaki nyepesi kusisimka hata baada ya mwili kuvishinda virusi. Wengi wetu hatuufahamu muda huo, hivyo inapofika siku ya tano au ya sita tunakimbilia duka la dawa.

Dukani, mara nyingi hatuulizwi mengi. Niliwahi kuhesabiwa vidonge vya amoksilini visivyotimiza hata dozi, vikafungwa kwenye kikaratasi, kwa maelezo kwamba kohozi likiwa la kijani basi kifua kimeingia bakteria. Sikuvichukua. Rangi ya kohozi peke yake haithibitishi bakteria, na antibiotiki haiui virusi. Itakachomletea mtoto huyo ni pengine kuharisha na vipele, huku ikiwafunza bakteria waliomo mwilini kuizoea dawa ambayo huenda akaihitaji kweli siku nyingine.

Ninachofanya nyumbani ni kumpa maji na uji mara kwa mara, parasetamoli kulingana na uzito wake iwapo homa inamsumbua, na kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala. Asali hutuliza kikohozi cha usiku, lakini asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kupoozesha misuli katika utumbo wa mtoto mchanga. Huyo anyonyeshwe zaidi, na pua yake isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jiko la mkaa hulitoa nje kabisa, hata baridi ikiwa kali. Kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria inayochemka sikubaliani nako, maana maji yakimwagika yatamuunguza vibaya kuliko mafua yoyote. Dawa za maji za kikohozi simpi mtoto mdogo bila ushauri wa mtaalamu, na zenye kodeini hazifai kwa aliye chini ya miaka 12.

Kuvumilia huko kuna mipaka yake, nayo ndiyo ninayoomba kila mzazi aishike. Mtoto akiwa ametulia, mpandishe fulana, tazama tumbo na kifua, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuhesabu ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, amelegea, anapata degedege, au midomo yake inageuka bluu.

Kwa mtu mzima, kukohoa damu, kubanwa na pumzi, kutokwa jasho jingi usiku au kupungua uzito hakusubiri siku yoyote. Hata bila dalili hizo, kikohozi kikifikisha wiki mbili nenda ukapime kifua kikuu, ingawa huenda bado ni virusi tu, kwa kuwa kipimo hicho hakina madhara na katika vituo vya umma nchini Tanzania hutolewa bure. Ukipewa kikopo, vuta pumzi ndefu na ukohoe kwa nguvu ili litoke kohozi la kifuani, si mate.