Maswali ya wasomaji: kabla hujabadilisha laptopu, angalia kwanza kinachoikwamisha

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, ninunue nini, na karibu zote zimeanza na jina la kifaa ambacho mtu kakiona kwa rafiki yake, kazi anayoifanya kila siku kaitaja mwishoni kabisa au hajaitaja. Mi naanzia huko kwenye kazi, kwahiyo msishangae jibu likianza na swali.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu, laptopu yangu ni core i5, RAM 4GB, hadi diski 500GB, ina Windows 10. Kuiwasha ni dakika tano nzima, nikifungua Excel na Chrome kwa pamoja inastaki mpaka mausi haisogei. Mtu kaniambia nichukue core i7 ndo mwisho wa matatizo. Hela nimejichanga muda mrefu na naogopa kuipoteza. Nifanyeje kaka?

JIBU: Dada yangu usinunue kwanza. Washa hiyo laptopu, fungua Excel yako na Chrome kama unavyofanya siku zote, ikianza kusumbua bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager, angalia pale juu kwenye CPU (hiyo ndo prosesa, ubongo wa kompyuta), Memory (hiyo ndo RAM, sehemu ya kushikia kazi ulizofungua) na Disk. Kwa hali uliyonielezea nategemea utakuta Disk imegonga 100% na Memory ipo tisini na kitu, alafu CPU ambayo ndo hiyo i5 wanayoilaumu iko imetulia tu haina kazi kubwa. Kama ndivyo, basi prosesa haina kosa na i7 haitakusaidia.

Kinachotokea ni hivi. Hadi diski ya zamani ina sahani ndani inazunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kuna kichwa kinachosogea kwenda kusoma, kila kidogo inachokitafuta lazima kichwa kisogee na sahani ifike pale, na Windows ikiwaka inatafuta vidogo vidogo maelfu. SSD, yani diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka wala kusogea, kwahiyo inajibu haraka zaidi kwa mbali. Sasa ongeza tatizo la pili, RAM ya 4GB ikijaa Windows inaanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye hiyo hiyo diski ya kujikokota, yani udhaifu wa kimoja unamuangukia mwenzie, ndo maana inaganda mpaka mausi.

Kwahiyo mpelekee fundi akuwekee SSD ya SATA ya inchi 2.5, inakaa palepale ilipokuwa hadi diski, na RAM ifike 8GB au 16GB kama inakubali. Kabla hujatoa hela muombe akuangalizie vitu viwili: RAM yako ni DDR3 au DDR4 maana haziingiliani hata mkato wake uko sehemu tofauti, na je ina sehemu ya kuchomeka au imelehemewa kwenye bodi, zile nyembamba nyingi zimelehemewa na hapo huongezi kitu. Na mafaili yako ya kazi yatoe kwanza uyaweke sehemu nyingine, hili usimuachie fundi.

Betri nayo ipime. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (inachobeba sasa ikijaa), kama ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza jua betri imechoka na iingize kwenye hesabu.

Kuna jambo moja tu linaloweza kubadilisha ushauri wangu, nalo ni Windows 10 yenyewe. Microsoft walisitisha apdeti zake za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mtu anayeshika hesabu za watu hilo sio la kupuuza. Angalia jina kamili la prosesa yako. Ikiwa i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndo kizazi cha nane, na Windows 11 inaanzia hapo kwa Intel. Ikiwa i5-7200U hicho ni kizazi cha saba, haimo kwenye orodha yao. Kuna mpango wa nyongeza wa apdeti kwa watu binafsi unaofika Oktoba 2026 lazima ujiandikishe, ila huo ni wa kukuvusha tu. Kuna watu watakuambia weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na kwa anayetumia intaneti na kuandika barua mi mwenyewe ningemwambia hivyo hivyo, lakini wewe programu zako za uhasibu na zile makro za Excel zinaweza zisikubali kule, usijaribu katikati ya kufunga hesabu za mwaka.

Basi ikiwa ni kizazi cha nane na kuendelea, SSD na RAM, endelea na kazi. Ikiwa ni cha saba kushuka chini hapo ndo nunua, na ukienda kununua usidanganywe na hiyo i7 peke yake. i7-7500U ina kori mbili tu, yani viini viwili vya kufanyia kazi, wakati i5-8250U iliyokuja baada yake ina nne, kwahiyo muuzaji akikwambia i7 muulize i7 ipi. Chukua RAM 8GB ikiwa inaongezeka, 16GB ikiwa imelehemewa, SSD isipungue 256GB, na zile zenye hifadhi ndogo ya polepole iitwayo eMMC, 64GB, zipite mbali kabisa hata kama zinang'aa, Windows na apdeti zake zinakula sehemu kubwa yake hata hujaweka faili lako la kwanza. Alafu wewe ni mhasibu, tafuta yenye namba za pembeni upande wa kulia wa kibodi. Hakuna anayelitaja hili dukani na ndicho kitu vidole vyako vitakigusa siku nzima.

SWALI: Shikamoo. Nataka kumnunulia mama simu janja, ana miaka 68, macho hayaoni vizuri karibu na sasa hivi anatumia simu ya vitufe. Nataka nimchukulie kubwa kuliko zote ili aone. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kioo kikubwa kinasaidia ila "kubwa kuliko zote" maana yake pia ni nzito kuliko zote, na mkono wa mama utachoka. Nenda nae, aishike yeye kwa mkono mmoja, aiinue sikioni kama anaongea, dakika mbili zinatosha utaona mwenyewe. Ukubwa wa maandishi haupatikani kwenye kioo peke yake, uko kwenye mipangilio, Android na iPhone zote zinakuza maandishi na alama, na zote zina ya kukuza sehemu ya kioo kwa kugusa. Kama macho yakizidi kufifia kuna TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone zinasoma kilichopo kwa sauti, ila hizo zinabadilisha namna ya kugusa, usiziwashe alafu ukaondoka, utamuacha na simu asiyoweza kuifungua.

Samsung zina mpangilio wa Easy mode unaofanya alama kuwa kubwa na chache, mi naupenda kwa wazee. Pima sauti ya spika, iweke mezani mpige, asikie akiwa amesimama mbali kidogo. Alama ya kidole usiitegemee peke yake, vidole vya wazee mara nyingi vimekauka na michoro imefifia, simu inamkataa yeye mwenyewe, muwekee na namba ya siri anayoikumbuka.

Jambo la pili ni umri wa simu. Mama hatabadilisha simu kila mwaka, na hatupendi ajifunze upya, kwahiyo uliza apdeti za usalama zinaisha lini. Google kuanzia Pixel 8 ya 2023 na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya 2024 waliahidi miaka saba. Za hali ya chini zinapata michache zaidi, na miaka inahesabiwa tangu simu ilipotoka, sio siku uliyonunua, kwahiyo simu iliyokaa dukani miaka miwili imeshakula miaka miwili ya mama.

Na tafadhali mtengenezee akaunti yake mwenyewe. Watu wengi wanaingiza ya kwao ili mambo yaishe haraka, baadae picha za mama zinaingia kwako na zako kwake, na siku ukibadilisha paswedi simu ya mama inagoma na uko mbali. Andika barua pepe na paswedi yake kwenye daftari lake, lifungiwe ndani. Kaa nae mfundishe vitu vitatu tu kwa siku ya kwanza, kupokea, kupiga, na kukata simu ya mtu anayemtaka amtajie namba ya siri au namba iliyoingia kwa meseji. Hilo la tatu rudia kila mkionana.

SWALI: Simu ya megapikseli 108 na ya 12 si wazi ya 108 ndo bora?

JIBU: Hapana. Nyingi za 108 zinaunganisha pikseli (nukta za picha) tisa kuwa moja, picha unayoipata kwa kawaida ni hiyo hiyo 12. Kinacholeta picha safi usiku ni ukubwa wa sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga), ubora wa lenzi, kama ina kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi, na programu inayoichakata. Piga picha moja ndani pasipo na mwanga mwingi, ya mtu anayetembea, kwa simu zote mbili, uikuze. Utapata jibu lako hapo hapo.

SWALI: Naandika tasnifu, Office ya kulipia siiwezi na ile ya kuvunja nimeambiwa inakuja na virusi. LibreOffice itanitosha au msimamizi wangu ataona vitu vimevurugika?

JIBU: Hongera kwa kuikataa ya kuvunja. LibreOffice ipo tangu 2010, ni bure na inafungua na kuhifadhi docx, yani mafaili ya Word. Itakutosha kuandika. Vurugu huwa inatokea sehemu mbili, fonti na majedwali. Kama msimamizi anataka Calibri na wewe huna, LibreOffice inaweka Carlito ambayo upana wa herufi zake ni uleule, kwahiyo kurasa hazihami. Vichwa vya habari tengeneza kwa mitindo ya Heading, usikoleze kwa mkono, hapo orodha ya yaliyomo itajijenga yenyewe kwenye programu zote mbili. Marejeo weka Zotero, nayo ni bure na inafanya kazi na Word na LibreOffice. Ila jaribu mapema, mtumie sura moja yenye jedwali na maoni ya pembeni, aifungue, airudishe. Ukikuta tatizo kwenye kurasa kumi utarekebisha jioni moja, ukilikuta kwenye mia mbili wiki ya kukabidhi itakuumiza sana.

SWALI: Simu yangu ya 128GB ilijaa, nikahamishia picha zote za watoto kwenye memori kadi, nikajua nimefanya bakapu. Simu imeibiwa na kadi ikiwa ndani. Picha za miaka sita. Nanunua nyingine, nichukue 256GB au 512GB ili isitokee tena?

JIBU: Pole sana mama. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kabla ya yote jaribu kuingia kwenye Google Photos kwa akaunti iliyokuwa kwenye ile simu, tumia kompyuta ya mtu, wengine wanakuta picha za miaka kadhaa zilikuwa zinapanda mtandaoni na wenyewe hawajui. Na waulize ndugu uliowahi kuwatumia picha WhatsApp, wengi hawafuti.

Kuhusu hiyo mpya, 256GB inatosha na 512GB isingekuokoa, maana ingeondoka nayo pia. Ukubwa wa simu na usalama wa picha ni mambo mawili tofauti kabisa na wauzaji wanayachanganya. Nakala iliyo ndani ya simu ileile, iwe kwenye kadi au wapi, sio bakapu. Wanaohifadhi kumbukumbu kwa kazi wana utaratibu wa 3-2-1, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali na nyumbani. Kwako maana yake ni simu, hadi diski ya nje inayokaa kabatini, na mtandaoni.

Google wanatoa 15GB bure ila hizo ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa humo, kwahiyo zitajaa. Video ndo zinakula nafasi. Video ndefu peleka kwenye diski ya nje, mtandaoni pandisha picha, tumia wifi kama bando lako ni dogo.

Ukinunua flashi au memori kadi nyingine, ijaribu kabla hujaiamini. Zipo zilizodanganywa zinaonyesha 512GB na ndani ni 16GB, unahamisha picha zinaonekana zimeingia, baadae zinafunguka nusu au hazifunguki. Programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux inaijaza kadi nzima na kuisoma tena, inachukua masaa, iache usiku kucha.

Ukishapanga yote, ndani ya mwezi mmoja chomeka diski kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa, fungua picha kumi za miaka tofauti na video mbili. Zikifunguka zote na kucheza mpaka mwisho ndo ujue una bakapu ya kweli.